Shule inataka kadi ya chanjo, baba watoto anataka kufungua darasa barazani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ujiji. Nafanya biashara ya dagaa. Alfajiri nashuka Kibirizi kupokea mzigo kwa wavuvi, naanika, nikishapata magunia ya kutosha nauza kwa wanaosafirisha na treni kwenda bara. Mume wangu ni fundi wa boti. Ni mtu mpole, anaswali, hanywi, na kwa miaka 14 hajawahi kuninyanyulia mkono. Nayasema haya mapema ili usije ukaniambia nimwache.

Shida imeanzia kwa kitinda mimba wetu. Ana miaka minne na miezi saba, Januari anatakiwa aanze awali. Tulimchukulia fomu kwenye shule moja ya binafsi upande wa Mwanga. Fomu inataka cheti cha kuzaliwa, picha mbili za pasipoti, na kopi ya kadi ya kliniki yenye chanjo zote. Kadi ya huyu mtoto imejazwa mpaka wiki ya 14 tu. Kuanzia hapo ni vyumba vitupu. Surua-rubella ya miezi tisa hana, na ile ya mwaka na nusu hana.

Ilikuwa hivi. Ile siku ya wiki ya 14 alichomwa mapaja yote mawili. Usiku akachemka homa, paja la kushoto likavimba likawa gumu kama kiazi. Baba yake hakulala. Alimbeba begani akizunguka naye uani mpaka adhana ya alfajiri. Lazima ujue kwamba kaka yake mume wangu, shemeji yangu, ni mlemavu wa mguu. Anatembea ameshika goti kwa mkono. Kwao wanasema alikuwa mzima anakimbia, akachomwa sindano akiwa mdogo, mguu ukanyauka. Basi asubuhi ile mume wangu aliniambia, "Hii ndiyo ya mwisho. Mwanangu hatatembea ameshika goti." Sikumbishia. Mtoto alipofika miezi tisa nilijaribu kwenda peke yangu, nikachelewa, nesi akanisema mbele za watu kisha akaniambia nirudi Alhamisi. Sikurudi.

Mkuu wa shule wala hakutufokea. Alisema tukamalizie chanjo zahanati, nafasi ya mtoto ataishikilia mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Lakini mume wangu aliona ametishwa. Ana rafiki yake walikua pamoja hapa Kigoma, sasa anaishi Marekani, kila usiku anamtumia video za wazazi wa huko waliowatoa watoto shule ili wasichanjwe, wanawafundisha nyumbani. Zingine zinasema chanjo ya surua inaleta usonji. Sasa yeye na wenzake wawili wamekubaliana: watamchukua kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne, kila mzazi atoe shilingi 15,000 kwa mwezi, watoto watano wasome kwenye baraza yetu. Ubao ameshauchonga kwa mabaki ya mbao za boti. Ameupaka rangi nyeusi, ameuegemeza ukutani, kila nikitoka na beseni la dagaa unanitazama.

Kingekuwa kwa huyu mdogo tu ningevumilia. Tatizo binti yetu wa miaka 11 yuko darasa la tano, shule ya serikali, na mtihani uliopita alikuwa wa tatu darasa zima. Walipotangaza siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, baba yake alimzuia nyumbani siku mbili. Anasema ile ni ya kufunga vizazi. Sasa anasema na yeye atamtoa, wakae wote barazani. Mtoto alilia mpaka akatapika.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Septemba 2023, walipopita na matone ya polio nyumba kwa nyumba, mume wangu alikuwa Kagunga anatengeneza boti ya watu. Mimi nilimpa mtoto matone. Walimpaka wino kwenye kidole. Usiku ule nilikisugua kile kidole kwa mawese na majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu, ili baba yake akirudi asione.

Shangazi, naomba uniambie. Nimchanje kwa siri kama nilivyofanya kwenye polio? Na je, baba ana haki ya kumtoa mtoto shule na kumsomesha barazani?

Mama wa Watatu, Ujiji

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama pale pa kidole na mawese. Mwanamke anayesugua wino usiku kwa majivu si mwanamke aliyeshindwa kuamua. Ulishaamua zamani, ila hujasema kwa sauti.

Nianze na sentensi uliyoipitisha mbio mbio. Umeandika ukurasa mzima juu ya baba watoto, halafu kwa maneno mawili tu: "Sikurudi." Yule nesi alikuaibisha, ukaona heri ubaki nyumbani, na marufuku ya mumeo ikawa kisingizio kizuri. Sikulaumu. Wanawake tuliokimbia kliniki kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja tukipanga foleni tutafika Kasulu. Lakini kabla ya kumwita mumeo mezani, ujue kadi ile mmeiacha wazi ninyi wawili.

Na hiyo "rudi Alhamisi" nikufafanulie, maana wengi wanaichukua kama tusi. Chanjo ya surua-rubella ni unga ndani ya kichupa, unachanganywa na maji yake, na kichupa kimoja kwa kawaida kinatosha watoto kumi. Kikishachanganywa kina saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Ndiyo maana zahanati nyingi zinapanga siku ya surua, watoto wakusanyike, dawa isipotee. Nesi angeweza kukueleza hivyo kwa sentensi moja, na kwa kutokueleza alikosa. Safari hii ukifika uliza, "Siku ya surua ni lini?" Utaona hata sauti yake inabadilika.

Sasa mumeo. Mimi simwoni kama mjinga wala mkorofi. Namwona mtu aliyekua akimtazama kaka yake akitembea ameshika goti, halafu usiku mmoja akashika paja la mwanawe likiwa gumu kama kiazi. Angekuwa baba wa namna gani asingeogopa? Hizo video za Marekani zimekuja juzi, zimekuta hofu imekaa miaka. Ukibishana na video utashinda au utashindwa, na hofu itabaki palepale. Kwa hiyo tuanze na mguu.

Yaliyompata shemeji yako siwezi kuyajua nikiwa hapa na kalamu, na wewe usijifanye unayajua. Lakini watu wa rika lake wengi waliopooza mguu walipitia moja ya njia mbili. Ya kwanza ni polio yenyewe: mtoto anapata homa, anapelekwa akachomwe sindano ya homa, kesho yake mguu umelegea, na lawama inaangukia sindano. Ya pili ni sindano kweli, ila si chanjo. Ni zile za kwinini walizokuwa wakichomwa watoto wenye malaria, kwenye makalio. Pale kwenye makalio unapita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni, na sindano ikiupata, mguu unaweza kunyauka moja kwa moja. Limetokea sana, si hadithi. Ndiyo sababu chanjo za mtoto mchanga anachomwa pajani kwa mbele na pembeni, mbali na mshipa huo. Na ya surua-rubella, mwanangu, haichomwi hata mguuni. Ni mkononi, sehemu ya juu, chini ya ngozi tu.

Anayeijua habari ya mguu ule yupo: mama mkwe wako. Jumapili hii mfungie dagaa wazuri, si wale wa mchanga, nenda na mumeo, na muulize kwa adabu: "Mama, ile sindano ya kaka alichomwa wapi? Alikuwa anaumwa nini siku ile?" Mwache mama aeleze, wewe nyamaza. Akisema mtoto alikuwa na homa kali, akisema alichomwa kwenye tako, mumeo atasikia mwenyewe kwa masikio yake, kutoka kwa mtu ambaye hawezi kumwambia kuwa ametumwa na shule. Na ukiwa hapo angalia mkono wa mama juu, kama hana kovu la duara lililobonyea. Wazee wetu wengi wanalo, ni kovu la chanjo ya ndui. Mumeo hajawahi kuona mtu mwenye ndui maishani mwake, na sababu ni hilo kovu.

Nikiwa kwenye ndui, kuna habari ya mtu mmoja ambayo ningependa mumeo aisikie. Mwaka 1977 mjini Merca, Somalia, alikuwepo mpishi wa hospitali aitwaye Ali Maow Maalin. Alikuwa akifanya kazi hospitalini kabisa, lakini chanjo ya ndui aliikwepa kwa kuogopa maumivu ya sindano. Yeye ndiye akawa mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida. Alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi wazazi wa Somalia wapokee matone ya polio, akiwasimulia jinsi alivyoikimbia sindano. Alifariki 2013, bado yuko kwenye kazi hiyo. Mwanamume mwenzake, Mwislamu mwenzake, aliyeogopa sindano kama yeye.

Na kwa kuwa mumeo anaswali, amuulize haji yeyote hapo Ujiji. Hakuna anayepewa ruhusa ya kwenda Makka bila kuchanjwa homa ya uti wa mgongo. Mahujaji wote wanachomwa, masheikh kwa waumini, na sijasikia wakisema wamefungwa vizazi.

Haya, video. Huko Marekani ni kweli wapo wazazi wanaofanya hivyo. Kwa miaka mingi majimbo yote ya kule yamekuwa yakidai chanjo kwa mtoto anayeingia shule, ila kila jimbo na milango yake ya kutokea. California ilikuwa ikiwaruhusu wazazi kukataa kwa imani yao binafsi. Mwishoni mwa 2014 surua ikalipuka kuanzia kwenye bustani ya michezo ya Disneyland, mwaka uliofuata wakapitisha sheria ya kuufunga mlango huo, ikaanza kazi 2016. Wanaofundishwa nyumbani haikuwagusa, na wapo waliokimbilia huko. Hiyo ndiyo nusu ya habari anayoletewa mumeo.

Nusu ya pili iko Texas. Kule mzazi anaruhusiwa kukataa chanjo kwa kusema dhamiri yake haikubali. Kuna wilaya inaitwa Gaines, watu wa mashamba, wengi wanasomesha watoto nyumbani au kwenye vishule vidogo vya kwao. Januari 2025 surua iliingia humo. Mpaka Agosti walipotangaza imekwisha, jimbo lilikuwa limehesabu wagonjwa 762, wengi wao hawajachanjwa. Watoto wawili wa umri wa shule walikufa, wote hawakuwa na chanjo. Nchi yenye hospitali tunazoziona kwenye sinema. Mwambie mumeo amuulize rafiki yake habari za Gaines, asikie anajibu nini.

La usonji nitalipita haraka kwa sababu limeshazikwa mara nyingi, tatizo kaburi lake watu wanalifukua kila siku. Lilitoka kwa daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, mwaka 1998, kwenye andiko la watoto 12. Jarida la Lancet lililolichapisha lililifuta 2010, na mwaka huohuo daktari huyo akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Wadenmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, matokeo wakayatoa 2019: waliochanjwa na wasiochanjwa, usonji hauna tofauti.

Lakini hebu tuache Marekani, turudi barazani kwako, maana hapo ndipo ninapotaka uelewe vizuri. Mumeo anadhani akimtoa mtoto shule amemtoa kwenye hatari na kwenye sharti kwa pamoja. Sharti labda. Mwanao saa tisa alasiri yuko wapi? Yuko madrasa, kwenye mkeka, watoto thelathini wamebanana magoti, wanasoma kwa sauti moja, pumzi kwa pumzi. Jumamosi unamchukua Kibirizi, pale boti za Kagunga zinapoteremsha watu na nyanya na mikungu ya ndizi, Warundi, Wakongo, Waha, kila mtu na kikohozi chake. Surua haihitaji mkutane uso kwa uso. Mgonjwa akishatoka chumbani, virusi vinaweza kubaki hewani hata saa mbili, na kati ya watu kumi wasio na kinga waliokaa karibu naye, tisa wataipata. Baraza yenye watoto watano ambao hakuna aliyechanjwa ni mbaya kuliko darasa la arobaini waliochanjwa. Kule darasani wenzake wangemkinga hata yeye ambaye hana. Hapo barazani moto ukishika kijiti kimoja, vyote vitano vimeshika.

Na sisi wa Kigoma hatuna haja ya kwenda Texas kutafuta ushahidi. Mapema 2023 tulisikia habari za Mpimbwe, hapo Katavi, jirani zetu, surua ikiua watoto. Mwaka huohuo polio ilionekana Rukwa, ndiyo maana Septemba ile walipita mikoa sita ya mpakani, Kigoma ikiwemo, na kuwapa matone watoto wote wa chini ya miaka minane. Yale matone uliyoyaficha. Hata Kagunga yenyewe anayokwenda mumeo kutengeneza boti, mwulize anakumbuka nini cha Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana ufukweni na kipindupindu kikaingia. Mtu aliyeuona ufukwe ule anajua ugonjwa hausubiri kibali.

Kuhusu haki ya baba. Binti wa darasa la tano hana ruhusa ya kumtoa, mwambie hivyo bila kuzunguka. Sheria ya Elimu inataka mtoto aandikishwe shule ya msingi na ahudhurie mpaka amalize. Akikaa barazani jina lake litaitwa utoro, barua ya mtendaji itafika, na baada ya barua huja kuitwa. Tena ana namba yake ya PREM, yaani ya usajili wa mwanafunzi, ambayo ndiyo inamfuata mpaka kwenye mtihani wa kumaliza msingi. Kijana wa kidato cha nne mwenye ubao wa mbao za boti hawezi kumsajili mtoto Baraza la Mitihani hata awe hodari namna gani. Najua kuna MEMKWA, lakini ule ni mpango wa waliokosa shule, si wa mtoto anayeshika namba tatu. Mumeo akitaka kuutumia vizuri ule ubao, autumie jioni, huyo kijana awape watoto masomo ya ziada. Wazo la kuwalipa vijana wetu wafundishe silikatai kabisa, na 15,000 kwa mwezi ni fedha yake ya halali.

Na Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 8, inataja vitu ambavyo mzazi anawajibika kumpa mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu. Chanjo imetajwa kwa jina, katika orodha moja na ugali. Sikupi hii ukampige nayo kichwani. Mwanamume mwenye hofu ukimletea kifungu cha sheria anakuwa mwanamume mwenye hofu na hasira. Kaa nayo tu ujue umesimama wapi.

Chanjo ya binti. Ilianza nchi nzima Aprili 2018, wakianza na wasichana wa miaka 14. Sasa inatolewa kwa wa miaka 9 mpaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Inazuia virusi vinavyosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, na saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kwa hili la kufunga vizazi nina jibu ambalo halihitaji daktari. Wale wasichana wa 2018 sasa wamepita miaka ishirini. Siku mtakayokwenda kliniki, mumeo akae kwenye benchi na ahesabu mabinti wa rika hilo wenye watoto mgongoni na wenye matumbo. Awaulize, kama ana ujasiri, wangapi walichanjwa wakiwa shule. Binti yako ana miaka 11, muda anao. Malizeni kwanza ya mdogo.

Sasa swali lako lenyewe, la siri.

Usifanye kwa siri. Sisemi hivi kwa sababu ni dhambi kubwa. Kliniki hawakuulizi barua ya baba, akina mama wanapeleka watoto peke yao kila siku ya Mungu. Nasema hivi kwa sababu naijua chanjo ya surua. Matone ya polio yaliisha na wino. Hii, kwa baadhi ya watoto, inaleta homa kidogo na vipele vichache, na haiji usiku uleule, inakuja baada ya wiki moja hivi, hata siku ya kumi na mbili. Ni jambo la kawaida, linapita. Lakini fikiria: siku ya kumi mtoto amechemka, baba anakuuliza amekula nini, amelala wapi, na wewe umesimama hapo na siri yako. Ukisema, hatakuamini tena wewe wala chanjo. Usiposema, atamkimbiza kwa mganga au duka la dawa, na hujui atapewa nini. Siri yako ndiyo itamthibitishia kila alichokiona kwenye video.

Fanya hivi. Baada ya kwa mama mkwe, mwambie mumeo mchana, si usiku mmelala, kwamba unataka mwende zahanati wote wawili, na maswali yake ayaulize yeye. Siku isiyo na foleni ni bora. Mwendee mganga mfawidhi kabla, mweleze kwamba unamleta baba mwenye wasiwasi, hana ugomvi. Wengi wanapenda kuulizwa na baba, maana hawawaoni. Aulize paja lile lilivimba kwa nini. Ataambiwa uvimbe na homa ya usiku mmoja ni mwili unaoamka, unakanda kwa kitambaa cha maji baridi, unampa dawa ya homa kwa kipimo chake, na kwamba hata wao mtoto akishachomwa wanataka mkae dakika kama thelathini hapohapo, wamwangalie.

Akikataa kwenda, mpe tarehe. Mwambie: "Baba fulani, mtoto anatimiza miaka mitano muda si mrefu, na Januari shule inafunguliwa. Nitakusubiri mpaka Alhamisi ya tarehe fulani. Siku hiyo nitampeleka, na nakwambia leo ili usije ukasema nimekuficha." Halafu siku hiyo mpeleke, mchana kweupe, na kanga yako nzuri. Atanuna. Mwanamume unayemweleza, anayezunguka uani na mtoto mpaka alfajiri, atanuna, lakini hatakwenda mbali. Kama naye ana mzee anayemheshimu, imamu au fundi aliyemfunza kazi, mtangulize kabla ya tarehe hiyo.

Na la polio mwambie. Si siku hiyo ya kwanza. Mwambie siku homa ya chanjo ya surua ikishapita na mtoto amerudi kukimbia uani: "Unakumbuka ulipokuwa Kagunga?" Mwonyeshe na kidole.

Mkishapata ya kwanza, uliza palepale tarehe ya dozi ya pili, waiandike kwa kalamu kwenye kadi. Kisha rudi kwa mkuu wa shule na kopi hata kama ya pili bado. Mtu aliyesema atakushikilia nafasi mpaka Januari anataka kuona mmeanza. Kadi ikiwa imechanika au ina mafuta ya mawese usione haya, wanazo nyingi za hivyo. Ila usiende nayo kwenye beseni la dagaa.